Busta (kikuza sauti) ya gitaa niliyounda mwenyewe: nikiwasha sauti haipandi, inaziba tu. Shida iko wapi?

#1 NyuziSita (Lamu)
Salaam wakuu. Nimeunda busta ya gitaa, ile saketi ya zamani ya transista moja, LPB-1, nimeichomea kwenye verobodi, ule ubao wa matundu wenye mistari ya shaba, nikaitia ndani ya mkebe wa biskuti. Vitu nilivyotumia ni transista ya BC547, rizista ya 470K (K ni omu elfu) kutoka pozitivu hadi besi, 47K kutoka besi hadi negativu, 10K ya kolekta, 390 ya emita (besi, kolekta na emita ndiyo miguu mitatu ya transista), kapasita mbili za 0.1 mikro moja ya kuingilia na moja ya kutokea, halafu voliumu ya 100K. Mchoro wenyewe wataka 430K na 43K lakini hizo huku kwetu hupati, nikaweka nilizopata kwa sababu uwiano ni ule ule.

Sasa nikiwasha, sauti inapita vizuri tu haikatiki, lakini haipandi. Iko sawa na bila busta au chini yake kidogo, tena imeziba, ule mlio mkali wa nyuzi nyembamba umekufa kabisa, na nikipiga kwa nguvu inapasuka kwa kukwaruza, siyo ile distosheni tamu ninayoitaka. Betri ni mpya. Viungo vyote nimevirudia kuchoma. Kuna harusi karibuni na nataka gitaa litoke mbele kwenye solo maana kinanda kinatufunika vibaya sana. Nisaidieni.

#2 kasa_mkubwa
Betri hiyo. Hizi betri za volti tisa za bei rahisi zasema mpya, ukiziweka kazi zalala. Badilisha kwanza.

#3 fundi_wa_maweni (Malindi)
Usibadilishe chochote kabla hujapima. Chukua mita, waya mweusi uweke kwenye negativu uuache hapo hapo, mwekundu upime sehemu nne: betri ikiwa kazini, besi, emita, kolekta. Leta namba hapa. Bila namba tutakuwa tunapiga ramli tu.

#4 BintiLangoni
Naunga mkono #3. @kasa_mkubwa wewe kila kitu ni betri, hata ule uzi wa feni ulisema betri 😂

NyuziSita na rangi za rizista umezikagua mchana au usiku? 47K ni njano, zambarau, chungwa. 4.7K ni njano, zambarau, nyekundu. Kwa taa ya simu chungwa na nyekundu ni kitu kimoja, na hizi za mwili wa buluu zenye mistari mitano ndiyo balaa zaidi. Usiziamini, zipime kwa mita.

#5 NyuziSita
Nimepima. Betri volti 8.6. Besi 0.62. Emita 0.01. Kolekta 8.3. Rizista nilizipima kabla ya kuchoma @BintiLangoni, ziko sawa.

#6 fundi_wa_maweni
Haya sasa twaongea. Kolekta 8.3 na betri 8.6 maana yake ile 10K imedondosha 0.3 tu, yaani mikroampea 30 ndizo zinazopita. Saketi hii ikiwa nzima yapitisha karibu 400 na kolekta yakaa katikati, kwenye 5 hivi. Ya kwako iko juu darini, ndiyo maana ukipiga kwa nguvu yapasuka, haina nafasi ya kupanda.

Naweka dau langu kwenye miguu ya transista. Mchoro ulioufuata bila shaka umechorwa kwa 2N5088. Hiyo ukiigeuza uso bapa ukutazame, miguu chini, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. BC547 ni kinyume chake, kolekta, besi, emita. Ukiiweka kama picha ya mchoro inavyoonyesha umeitia kinyume, na kinachowadanganya watu ni kwamba transista iliyogeuzwa haifi palepale, yafanya kazi ila nguvu yake ndogo mno, na besi yanyonya sauti ya gitaa ndiyo ikaziba.

#7 Ami_Redio (Lamu)
Hapana mwanangu @fundi_wa_maweni. Wewe uko Malindi mjini, sisi huku upepo wa pwani waingia mpaka kabatini. Mimi nimefungua redio za watu wa kisiwa hiki tangu za miguu ya chuma. Ile nta ya kuchomea ikibaki kwenye bodi yavuta unyevu na chumvi, ikishavuta yawa rizista ambayo hukuiweka wewe. Tazama hesabu: 470K na 47K kwenye 8.6 zatoa 0.78. Yeye besi yake yasoma 0.62. Kuna kitu chaiba hapo. Besi ndiyo ndiya nyembamba kuliko zote kwenye saketi hii, umeme unaopita hapo ni kidogo mno kwa hiyo uchafu kidogo tu watosha kuizamisha, na besi ikizama transista yote yalala. Spiriti na mswaki wa meno, sugua kati ya mistari ya shaba, anika juani. Huna haja ya kung'oa kitu.

#8 fundi_wa_maweni
Ami kwa heshima zote, bodi imechomwa juzi tu, chumvi imeshaingia saa ngapi?

#9 Ami_Redio
Nta yaanza kuvuta siku hiyo hiyo.

#10 Ticha_Volti
Nyote wawili namba zinawaruhusu, hapo ndipo penye utamu. Transista iliyogeuzwa itavuta besi chini mpaka 0.6 na kitu na kuacha kolekta juu. Transista iliyo sawa lakini besi imezamishwa na uchafu mpaka 0.62 nayo itapitisha mikroampea chache na kuacha kolekta juu vile vile. Kwa namba hizi nne pekee hakuna anayeweza kutenganisha.

Na kuna la tatu hamkulitaja, mita yenyewe. Ikiwa ni ile ya mshale ya 20K kwa kila volti, kwenye renji ya 2.5 yenyewe ni mzigo wa 50K. Besi hapo ina ukinzani wa karibu 43K nyuma yake, kwa hiyo mita itaishusha volti kwa kuigusa tu. Mita gani hiyo?

Kipimo cha kuamua: ng'oa transista, washa, pima shimo la besi likiwa tupu. Likisoma 0.78, bodi na rizista ni salama na mshtakiwa ni transista. Likisoma chini, ami ana haki.

#11 gitaa_la_bango (Malindi)
Jamani mbona mwahangaika, kuziba ndiyo tabia yake. Hii busta ya Waingereza mwingilio wake ni mzito, yaani ukinzani wa pale sauti inapoingilia ni mdogo, pikapu za gitaa hazipendi. Mimi nilikuwa nayo enzi tunapiga muziki wa bango mahotelini, ukiiweka baada ya pedali nyingine yang'ara, ukiiunga moja kwa moja na gitaa yaziba.

#12 BintiLangoni
Siyo ya Waingereza, ni ya Electro-Harmonix ya New York, kampuni ya Mike Matthews iliyoanza 1968. Aliyeibuni ni Bob Myer, na haikukusudiwa hata kuwa pedali, alikuwa anatafuta kifaa cha kurefusha mlio wa nyuzi, kile kiboksi akakitia mbele ili kuipa gitaa nguvu, Matthews akakisikia akasema hiki ndicho tunauza.

Ila la mwingilio uko sahihi, hesabu yangu yatoa kama 35K hivi ikiwa transista iko sawa. Ampu za gitaa zina 1M, omu milioni. Ndiyo, itaziba kidogo. Lakini kidogo siyo "imekufa kabisa", na hiyo haielezi kwa nini sauti haipandi. Yatakiwa ipande kama mara 20, desibeli 26. Hiyo ya kwako gitaa_la_bango ilikuwa yapandisha?

#13 gitaa_la_bango
Ilikuwa yapandisha mpaka mpiga tumba analalamika 😄 Nimekubali New York.

#14 NyuziSita
@Ticha_Volti mita ni ya dijito, ile ndogo ya njano inayouzwa kila duka. Nimeng'oa transista kama ulivyosema. Shimo la besi lasoma 0.75. Sasa siyo 0.78 wala siyo 0.62 😩

#15 Ami_Redio
Si mwaona! Zile 0.03 zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye chumvi.

#16 Ticha_Volti
Ami subiri. Mita hizo ndogo za njano nyingi zina ukinzani wa 1M. Ukiweka 1M sambamba na hiyo 47K, 0.78 yashuka mpaka 0.75, sawasawa na alivyosoma. Kwa hesabu yangu bodi ni safi.

#17 Ami_Redio
Nyingi, siyo zote. Kuna za 10M. Umeiona mita yake wewe? Na tena amepima adhuhuri jua kali. Apime alfajiri bodi ikiwa imelala na umande.

#18 fundi_wa_maweni
Iwe 0.75 au 0.78, ilipokuwa na transista ilikuwa 0.62. Transista ndiyo ilivuta. Mimi nimemaliza 🙏🏾

#19 kasa_mkubwa
Na betri 8.6 siyo mpya. Mpya yasoma 9 na zaidi. Nacheka tu.

#20 BintiLangoni
@fundi_wa_maweni hujamaliza. NyuziSita, hiyo transista umeisoma maandishi yake? Kwa sababu kwenye karakana ya mjomba wangu twaletewa pakiti zimeandikwa BC547 ndani mna transista nyingine, C945, zilizong'olewa kwenye redio za zamani. C945 na C1815 miguu yake ni emita, kolekta, besi. Besi iko pembeni, siyo katikati! Ukiitia hapo kwa mpangilio wowote wa BC547 haitakaa sawa, na hata ukiigeuza nyuma mbele bado besi haiko katikati.

Mita yako ina kile kitundu cha duara kilichoandikwa hFE, kipimo cha transista yakuza mara ngapi? Itie pale upande wa NPN, jaribu mipangilio yote. Unaotoa namba kubwa ndio wenyewe. Ukiigeuza kolekta na emita utapata namba ndogo, chini ya 20 hivi.

#21 mwana_udi (Lamu, Mkomani)
Naingilia kidogo wakuu. Je, busta hii naweza kuitia udi? Nimebandika ile sahani ya shaba ya pieso, inayogeuza mtikisiko kuwa umeme, chini ya uso wa udi, sauti yatoka nyembamba haina tumbo.

#22 Ticha_Volti
@mwana_udi usiitie hii. Kwa pikapu ya gitaa mwingilio mzito waua sauti za juu, lakini pieso ni kinyume, yenyewe kwa ndani ni kapasita, kwa hiyo ukiiunga na kitu cha 35K yaua sauti za chini. Ndiyo maana udi wako hauna tumbo, hata ampu yako huenda mwingilio wake ni mdogo kwa pieso. Wewe wataka kitu chenye mwingilio wa 1M na zaidi, 5M ikiwezekana. Fungua uzi wako.

#23 mwana_udi
Ahsanta maalim. Uzi siufungui, nyote mko hapa.

#24 NyuziSita
Maandishi yamefutika, naona B tu na kitu kama 7. Kitundu cha hFE ninacho. Besi ikiwa katikati yatoa 290 upande mmoja na 8 upande wa pili. Mipangilio mingine hakuna kitu. Kwa hiyo siyo C945 @BintiLangoni.

Na ile ya 290 ndiyo kinyume na nilivyoiweka kwa kufuata picha ya mchoro.

#25 fundi_wa_maweni
Alhamdulillah. 290 ni BC547B, ya B yaanzia 200 mpaka 450. Itie ilivyo.

#26 NyuziSita
WAKUU IMELIA!! Kolekta 5.4, emita 0.12, besi 0.72. Voliumu robo tu na dirisha latetemeka. Mama amekuja kuuliza kuna nini. Sauti ya juu imerudi, siyo yote lakini yatosha. Wallahi nimefurahi sana, ahsanteni nyote.

Niliisugua bodi kwa spiriti pia na kuianika kabla ya kuirudisha transista, kama ami alivyosema.

#27 Ami_Redio
Haya, nimesikia mwenyewe. Imesuguliwa, imeanikwa, imelia.

#28 fundi_wa_maweni
Ami!! Imegeuzwa ndiyo ikalia!

#29 Ami_Redio
Vyote viwili vimefanywa siku moja, wewe wajuaje ni kipi? Mpeni mtoto huyo aigeuze tena vile ilivyokuwa kwenye bodi safi tuone.

#30 NyuziSita
Ami nisamehe, siigusi tena mpaka harusi ipite.

#31 Ticha_Volti
Kisayansi ami ana hoja, mambo mawili yamebadilishwa kwa wakati mmoja. Mimi moyo wangu uko kwa transista, hFE ya 8 si mchezo, lakini siwezi kuapa kwamba bodi haikuwa ikivuja kidogo.

#32 NyuziSita
Sasa limezuka jingine. Mchana iko kimya. Usiku nikiwasha busta kuna mvumo, na ndani ya mvumo kuna mtu anaongea. Ni redio! Sijui ni lugha gani, yaja na kupotea. Busta iko kwenye betri, ampu iko kwenye inveta ya sola kwa sababu stima ya usiku siku hizi haitabiriki.

#33 kasa_mkubwa
Hao ni majini wa kisiwani, wamependa gitaa lako 😂

#34 Ami_Redio
Ni mawimbi ya kati. Mchana hayafiki mbali, jua likizama yaruka kwenye anga ya juu na kurudi chini, huku pwani twapata mpaka stesheni za Uarabuni. Waya wa gitaa ndio eria yako, na pale besi inapokutana na emita ndipo panapochuja sauti kutoka kwenye wimbi. Umeunda redio bila kukusudia, mwanangu. Hili nalo ni la viungo vichafu, kiungo chenye kutu chachuja pia.

#35 BintiLangoni
Kiungo chenye kutu chaweza, lakini transista yenyewe yatosha bila kutu. Tia kapasita ya pikofaradi 47 kati ya besi na kolekta, iwe karibu kabisa na miguu. Usizidishe, kwa sababu nguvu ya saketi yaikuza hiyo kapasita kama mara 20, ukiweka kubwa utarudi kwenye kuziba.

#36 Ticha_Volti
Mimi ningeizuia mlangoni. Rizista ya 10K mfululizo kwenye mwingilio kisha pikofaradi 220 kwenda negativu. Njia ya BintiLangoni yakata sauti za juu za gitaa kidogo, hii haigusi.

#37 BintiLangoni
10K hiyo yaongeza mchemko wa kelele, maalim, na hapo hapo mwingilio ni 35K tu, utapoteza sauti pia. Akiweka 1K nitakubali.

#38 fundi_wa_maweni
Kabla ya kapasita yoyote: mkebe. Mkebe wa biskuti umepakwa vanishi ndani na rangi nje, jeki umeikaza juu ya rangi, kwa hiyo chuma hakijaungana na negativu na mkebe haukingi kitu. Kwaruza rangi mpaka uone bati jeupe pale jeki inapokaa. Halafu pima kwa mita, mkebe na negativu, yatakiwa isome karibu sifuri.

#39 gitaa_la_bango
Na mvumo mimi nasema ni inveta. Zile za bei nafuu hazitoi wimbi laini, latoka la ngazi ngazi, ampu yaimba yenyewe. Shika nyuzi kwa mkono, mvumo ukipungua ni waya wa negativu wa gitaa au kinga. Usipopungua ni inveta. Tena zingatia busta yakuza kila kitu mara 20, mvumo uliokuwa umejificha sasa umepewa maikrofoni.

#40 mwana_udi
Bado nipo. Nimeambiwa nitafute J201, transista ya aina ya FET, kwa ajili ya udi. Kuna anayejua zapatikana wapi? Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wetu wa hapa Lamu, udi wake ulikuwa na tumbo mpaka leo ukisikiliza, nami nataka hata nusu yake.

#41 BintiLangoni
J201 za miguu hazitengenezwi tena kama zamani, nyingi zinazouzwa ni bandia. Usipoteze pesa. Tafuta miksa mbovu, ndani mna TL072 nyingi, zile chipu za kukuza sauti. Mwingilio wake ni wa FET vile vile, ukinzani mkubwa, weka rizista za kuipa nusu ya betri, ya mwingilio iwe 2.2M au 4.7M, kapasita ya kuingilia hata 0.01 yatosha. Sauti yatoka nene.

#42 Ticha_Volti
Naafiki, ila kwa udi na sherehe yenye spika kubwa, ukipandisha tumbo sana utapata fidibeki, spika kupiga mluzi, sanduku la udi lote ni ngoma. Tia na kikata sauti nzito za chini ya hezi 80.

#43 gitaa_la_bango
80 ni juu sana, kwenye udi wenye nyuzi nene ya chini utakata noti zenyewe. 50.

#44 Ticha_Volti
Yategemea ameufunga kwa ufunguo gani.

#45 NyuziSita
Nimekwaruza mkebe mpaka bati. Mita yasema omu 0.4. Mvumo umepungua, nikishika nyuzi wapungua tena kidogo, kwa hiyo @fundi_wa_maweni na @gitaa_la_bango sijui nimpe nani. Redio bado ipo lakini mbali. Kesho natia ile 47 ya BintiLangoni kwanza kwa sababu ninayo, 220 sina.

@mwana_udi nina miksa imekufa ya madrasa, ndani nimeona TL072 nne. Pita baada ya asri uchukue moja, na uje na udi wenyewe tuisikie hiyo pieso kabla hujachoma kitu.

#46 Ami_Redio
Na mukimaliza paka bodi zote mbili vanishi ya kucha, ya gitaa na ya udi. Kusi yaja.

#47 fundi_wa_maweni
Hilo la vanishi nakubaliana nawe ami. La chumvi bado.